Mikono Miwili Juu ya Godoro

Tangu shule ifunguliwe mmeniuliza maswali matatu, kila mmoja kwa wakati wake, na mimi nimechoka kujibu vipande vipande kama redio yenye betri mbovu. La kwanza, sweta langu la shule liko wapi. La pili, nani alinipiga kwenye paji la uso. La tatu, kwa nini sikuonekana hata siku moja kwenye tuisheni ya hesabu, wakati jina langu lilikuwa juu kabisa ya orodha.

Majibu yote yako kwenye safari moja, ya kutoka Tabora kwenda Ujiji, ndani ya gari la mikate, chini ya kichanja nilichokijenga kwa mikono yangu. Hiyo mikono ikumbukeni, tutairudia. Someni mpaka mwisho. Atakayeruka mistari ataninunulia sweta.

Ng'ambo mpaka Chemchem

Bibi anakaa Ng'ambo, sisi tunakaa Chemchem. Miaka mitatu iliyopita aliteleza bafuni akavunjika nyonga. Ikaunga, lakini ikaunga kwa masharti yake. Tangu siku hiyo Bibi anaweza kulala, anaweza kukaa chini miguu ameinyoosha, anaweza kusimama kidogo kwa fimbo, lakini kiti cha basi kwake ni adhabu ya kaburi kabla ya siku yake.

Dada yake, tunayemwita Bibi Mkubwa, anakaa Ujiji, na macho yake yameingia ukungu. Kwa hiyo mmoja hawezi kusafiri, na mwingine hata akisafiri hataona alikofika. Miaka yote hiyo wamekuwa wakigombana kwa simu. Mwezi wa tano Bibi Mkubwa akamwambia kwamba amechoka kubishana na sikio, kama ana hoja aje nayo usoni. Bibi akakata simu, akamwita mwanawe, akasema anataka kwenda Ujiji kabla likizo ya shule haijaisha.

Mwanawe huyo ni Mjomba Shabani, mdogo wake Mama. Ana haisi nyeupe ya kusambazia mikate, na ubavuni mchoraji amechora mkate mkubwa wa kahawia ambao ukiutazama vizuri ni kiatu. Ndani hamna viti. Kuna sakafu tu, na vyuma viwili virefu vilivyopita darini ambavyo zamani vilishika trei. Godoro la Bibi lilienea pale sakafuni kama lilizaliwa humo. Mizigo ndiyo ilikosa mahali. Bibi alishasema hatalala katikati ya mabegi, yeye si gunia. Basi ikabidi kijengwe kichanja juu ya godoro, mizigo ikae juu, Bibi akae chini.

Mjomba alitaka kumwita fundi. Nikasema nitakijenga mimi. Akacheka mpaka akaegemea kiatu chake cha kahawia.

Nyie mnanijua. Nikiwacheka watu ni burudani, nikichekwa mimi ni uonevu. Tena mnajua nimekuwa nikiomba muda gani nipelekwe likizo nikajifunze useremala kwenye karakana ya Mzee Ramadhani kule Ng'ambo, na Mama amekuwa akijibu neno moja: hesabu. Alama zangu za hesabu za muhula ule mtoto wa chekechea angeweza kuziandika kwa mstari mmoja wa kalamu. Kwa hiyo tukawekeana ahadi mbele ya Mama. Kichanja kikifika Ujiji kimesimama, likizo yote iliyobaki mimi ni wa karakana. Kikianguka, hata kama ni mbele ya mlango wa Bibi Mkubwa, mimi ni wa tuisheni. Mama akakubali haraka haraka, kama mtu anayejua matokeo.

Mbao nilizitoa kwenye kabati letu bovu, mninga mtupu, mzito kuliko dhambi. Vipimo nikamuuliza Bibi kwa simu, maana mwenye kulala ndiye anayejua nafasi anayoitaka.

"Kutoka juu ya godoro uache mikono miwili," akasema.

Kazi nyepesi. Nikatanua kiganja changu ubavuni mwa gari, kutoka ncha ya kidole gumba mpaka ncha ya kidole cha mwisho, mkono wa kwanza. Nikapandisha kingine juu yake, mkono wa pili. Nikaweka alama. Nikakata miguu minne, nikapigilia mbao. Msumari wa mwisho nilipiga kidole badala ya kichwa chake, nikacheza ngoma peke yangu uani, na niliporudi sikuwa na hamu tena ya kuuzamisha. Nikauacha umechungulia kidogo. Msumari mmoja tu, nani atauona.

Chemchem mpaka Usoke

Siku ya kuondoka tulimpakia Bibi kwa mlango wa nyuma. Mjomba alishika mabega, mimi nikashika miguu, tukamsukuma taratibu kama mkate unaoingia tanurini. Juu ya kichanja tuliweka mkeka, begi lake, mfuko wa karanga, kiroba cha matobolwa, yale ya viazi vitamu vya kuchemshwa, aliyoyakausha mwenyewe, na mzigo mkuu wa safari nzima: dumu la asali ya lita ishirini. Bibi alisema mkono mtupu haulambwi, na dada yake ana ulimi mrefu, asipopewa cha kulamba atautumia kwa mengine.

Akalala chali, akaitazama ile mbao.

"Mke mwenza," akaniita, maana kwa Bibi mimi nimerithi nusu ya marehemu Babu, "mbona dari iko karibu na pua?"

"Si ulisema mikono miwili, Bibi."

"Ya nani?"

"Yangu."

Akaninyanyua mkono, akautazama, akauachia. Alisema tu kwamba hakujua mjukuu wake ana mikono mifupi kama ya kenge. Nikacheka, naye akacheka, na kila mtu akabaki na maana yake.

Barabara ile ya kwenda magharibi Bibi ameirithi kwa masimulizi. Babu yake aliipita kwa miguu, mzigo begani, na safari ya misafara ile ya wapagazi haikuwa ya wiki moja. Tulipoyaacha majumba ya mji akaanza kusema kutoka kule nyuma, kwamba babu yake alikwenda Ujiji mzigo uko juu yake na yeye anakwenda Ujiji mzigo uko juu yake, hivyo maendeleo yenyewe hajayaona, ila kupata godoro.

Kila tuliposimama watu walitujia. Kwenye kibanda cha kwanza mama mmoja aliuliza mikate ni ya leo au ya jana. Mjomba akawa anaeleza kwa adabu. Mimi nikaona adabu inatuchelewesha. Nikamwambia upo mmoja tu, mrefu, umekaa sana, na hauuzwi. Fimbo ikatoka nyuma ikanigonga kwenye kisigino. Kumbe sauti inapita.

Usoke, adhuhuri

Usoke tulifika saa saba kasoro, wakati wa swala. Bibi alisema ataswali palepale kitandani, amekaa, kushuka na kupanda kungemmaliza. Lakini godoro limelala kwa urefu wa gari, kwa hiyo ili yeye aelekee kibla ilibidi gari ndilo lielekee kibla. Mjomba akaanza kazi ya kuligeuza mbele ya mgahawa karibu na reli. Mbele kidogo, nyuma kidogo, kata, rudisha. Mimi nikiwa chini naonyesha kwa mkono kama mwongoza ndege, kaskazini bado, kaskazini tena.

Watu wa Usoke wakaona gari la mikate linajipanga kwa uangalifu mkubwa namna ile, wakajua linataka kushusha. Tulipozima injini, nyuma ya mlango palikuwa na foleni. Wa mbele alikuwa mzee mwembamba mwenye kofia ya pama, anaitwa Mzee Elia, mkulima wa tumbaku na mwalimu wa kwaya ya Wamoraviani, ana wanakwaya wake wanasubiri chai na hawana kitafunwa.

Nikafungua mlango ili wajionee wenyewe. Na wakati huohuo, mbele ya foleni nzima, Bibi akajiinua kukaa.

Mninga haupasuki. Ulitoa sauti moja, ko, kama mlango wa ofisi uliobishwa na mtu mwenye shida. Dumu la asali likaruka, likatua. Bibi akarudi chini polepole, kanga imemshuka usoni.

Hakuna aliyecheka. Hata mimi. Nilimwita mara mbili, akajibu ya tatu, akisema yuko hai lakini amekwama. Alijaribu tena kwa upande, bega likagonga. Kulala anaweza, kukaa hawezi. Na Bibi hakukosa swala kwa ajili ya nyonga, atakosa kwa ajili ya kabati bovu?

"Tatu," akaniita kwa jina, na akiniita kwa jina mjue mambo yameharibika. "Nilikwambia mikono mingapi?"

"Miwili."

"Nionyeshe mmoja."

Nikatanua kiganja. Bibi akaulaza mkono wake wa kulia juu ya godoro, akagusa kiwiko, akapitisha kidole mpaka ncha ya kidole cha kati.

"Huu ndio mkono. Hicho chako ni shubiri. Mimi nimeuza vitambaa Ng'ambo miaka arobaini, nikipima mkono, mkono, mkono, na mjukuu wangu hajui mkono ni nini."

Mzee Elia akasema taratibu kutoka kwenye foleni kwamba mama anasema kweli, hata baba yake yeye alipima hivyo. Foleni nzima ikaanza kupimana viwiko. Bibi akaongeza kwamba babu yake alilipwa kwa mikono ya kitambaa, na tajiri mjanja siku ya malipo alimtafuta mpimaji mwenye mkono mfupi. "Wewe wangekugombea," akasema.

Mjomba alikuwa pembeni anakula karanga zetu, ana furaha ya sikukuu. Akasema kwa sauti ya upole kabisa kwamba ili Bibi akae itabidi kichanja kitolewe, na kikitolewa hakikufika. Nikaona ubao wa darasa la tuisheni unanijia, na chaki, na harufu ya soksi zenu.

Msumeno sikuwa nao, wala miguu mirefu zaidi ya ile. Mzee Elia ndiye aliyechungulia ndani, akavitazama vile vyuma viwili vya darini, akauliza kwa nini tunataka kukisimamisha kitu ambacho kinaweza kuning'inia. Akanichukua hadi kwenye bani lake, ile nyumba ndefu ya kukaushia tumbaku. Msimu ulikuwa umekwisha, ndani ni tupu, giza na harufu ya kukohoza. Akanionyesha fito zilivyopangwa ngazi kwa ngazi mpaka juu, majani hufungwa kwenye fito na kuning'inia, hakuna mguu unaogusa chini, na nyumba inabeba shamba zima. Akanipa kamba za gome la mti, nene kama kidole, akanifundisha fundo lake mara tatu. Mara ya nne nililifunga mwenyewe, naye akalivuta kwa uzito wake wote akiwa ameinua miguu, mwalimu wa kwaya mzima, ananing'inia kama jani la tumbaku.

Tuling'oa miguu minne. Tukakifunga kichanja kwenye vyuma vya darini kwa kamba nane. Bibi akakaa, akaweka kiwiko godoroni, akapima mkono wa kwanza, akapima wa pili, ncha ya kidole ikagusa mninga. Akaomba maji ya kutawadha.

Tulimlipa Mzee Elia kwa matobolwa, sufuria nzima, na wanakwaya wake wakanywea chai hayo. Alikataa kitu kingine chochote. Wakati tunaondoka Mjomba akaniinamia akaninong'oneza kwamba ahadi ilisema kimesimama. Hiki kinaning'inia.

Urambo mpaka msitu wa Kaliua

Ubishi huo ulitupitisha Urambo bila kuuona mji. Mimi nilisema kusimama ni kutoanguka. Mjomba akasema popo haanguki, je, popo amesimama? Nikasema popo hajabeba asali. Kule nyuma Bibi alikuwa kimya, nikadhani amelala.

Kichanja kilichofungwa kwa kamba kina tabia yake. Gari likiinama kulia, chenyewe kinakwenda kushoto, kinarudi. Dumu lilifungwa, lakini dumu nalo lilikuwa linacheza kidogo kidogo, na chini yake alikuwepo yule msumari wangu wa Chemchem, niliyemwacha amechungulia. Mpaka Kaliua amekwisha kutoboa.

Tulipita mji, msitu ukatushika pande zote, tairi la nyuma likaishiwa pumzi. Mjomba akatoa jeki. Mimi nikafungua mlango wa nyuma ili Bibi apate hewa, ndipo nikaona ana tone linang'aa kwenye shavu. Alikuwa anajilamba taratibu, bila haraka, kama mtu ambaye ameanza muda mrefu.

"Nilidhani ni rehema," akasema.

Sasa mtu wa Tabora hahitaji kuelezwa kinachofuata asali inapovuja katikati ya miyombo mwezi wa sita. Walianza wawili, wakaondoka. Nikajua wameenda kuita. Wakarudi wengi, na gari zima likawa linaimba. Mjomba aliitazama ile hali, akaweka spana chini kwa heshima, akakimbia mpaka nyuma ya kichuguu. Baadaye alisema alikuwa anatafuta mtandao.

Mimi miguu ilitaka kumfuata. Lakini Bibi angekimbia na nyonga ipi? Alikuwa amelala chini ya tundu, asali inamdondokea, nyuki wanamtembea kwenye kanga, wawili wako kwenye nyusi. Alinitazama bila kugeuza kichwa.

"Usirushe mkono," akasema. "Ukirusha mkono mmoja tumekwisha. Panda polepole."

Nikaingia kwa magoti. Niliweka kiroba cha matobolwa mdomoni, namaanisha yaliyomo, vipande vinne kwa mara moja, nikatafuna. Matobolwa mnayajua, ukiyatafuna kidogo ni chakula, ukiyatafuna sana ni gundi. Nikanyoosha mkono mpaka chini ya dumu, nikalisogeza kutoka kwenye msumari, nikakandika lile tundu. Ikaacha kudondoka. Halafu nikavua sweta langu la shule, taratibu, mkono mmoja kisha wa pili, nikaufuta ubao, nikafuta dumu, nikamfuta Bibi uso na shingo, mpaka sweta likawa zito kama sega.

Nikashuka nalo. Nilitembea hatua arobaini kuingia msituni, nimelibeba mbele yangu kama mtoto wa watu, na wimbo ule wote ukanifuata. Nikalitundika kwenye tawi. Wa mwisho kuniaga alinichoma katikati ya paji la uso. Sikurusha mkono. Hilo naomba liandikwe mahali.

Bibi hakuchomwa hata mara moja. Niliporudi alikuwa amekaa, ananipimia nafasi pembeni yake kwenye godoro kwa kiganja. Akanitoa mwiba kwa kucha zake, akasema, "Mikono yako mifupi, lakini ina akili kuliko ya mwanangu." Mjomba alikuwa ndiyo anatoka kichuguuni, simu imeinuliwa juu.

Sweta liko huko mpaka leo. Anayelitaka akalichukue, na awasalimie.

Nguruka mpaka Uvinza

Nguruka tulilala, na asubuhi tukaendelea, tukavuka Malagarasi, mimi jicho moja limefunga kwa uvimbe, nikauona mto nusu.

Uvinza tulisimama kula. Migebuka ya kukaanga kwa mawese na ugali wa muhogo unaovutika, nilikula mpaka Mjomba akauliza kama uvimbe nao una tumbo lake. Mama mwenye mgahawa alikuwa ameliona gari, akaja anajifuta mikono, akauliza leo tumemletea mikate mingapi. Kabla sijafungua mdomo sauti ikatoka garini.

"Mmoja tu, mwanangu. Tena umekauka."

Yule mama alichungulia, akamkuta Bibi amekaa chini ya kichanja chake anakula samaki, wakacheka mpaka akampelekea kipande cha pili.

Tulipoondoka niligeuka kumtazama Bibi, nikaona kitu hakiko sawa. Alikuwa amekaa, lakini ameinamisha shingo. Nikamwomba apime. Mkono wa kwanza ulienea, wa pili ukaishia kwenye kifundo. Kichanja kilikuwa kimeshuka. Nikamwambia Mjomba asimamishe gari, nikapanda kuangalia, na nyuma ya mkeka, limefunikwa vizuri kwa begi, nikakuta gunia la chumvi.

Mjomba alisema chumvi ya Uvinza haipitwi. Nikasema haipitwi, lakini kwa nini imefichwa. Akasema haijafichwa, imehifadhiwa isipigwe na jua. Bibi akasikiliza pande zote kama kadhi, kisha akatoa hukumu kwamba mwenye chumvi aibebe. Kwa hiyo gunia lilihamia mbele, na Mjomba akaendesha kutoka Uvinza akiwa amebanwa na chumvi yake, gia anaitafuta kwa chini kama mtu anayepapasa kiatu gizani. Kamba zilikuwa zimevutika. Nikazifungua moja moja nikazikaza upya kwa fundo la Mzee Elia, na Bibi akapima tena. Miwili.

Kutoka hapo sikumwamini Mjomba. Nilikaa nyuma, mgongo kwenye mlango, nakilinda kichanja changu, na kila gari lilipotikisika nilikishika kwa kidole kimoja ili isiitwe msaada.

Ujiji

Bibi Mkubwa alikuwa ametolewa nje na jirani zake, amesimama na fimbo, ameelekeza sikio barabarani. Aliposikia injini imezimwa aliuliza mbona tunanuka mikate wakati ameambiwa tunaleta asali.

Tulitaka kumshusha Bibi. Akakataa. Bibi Mkubwa naye akakataa, akasema mgonjwa asiguswe, yeye ndiye atapanda. Akapapasa ubavu wa gari mpaka mlango wa nyuma, akainua mguu mmoja, tukamsukuma. Mara ya pili safari hii nampakia bibi kama mkate. Akatambaa kwa kiganja juu ya godoro mpaka akafika kwenye mguu wa mdogo wake, akaupanda kwa vidole, goti, nyonga ile iliyovunjika, hapo akatulia kidogo, bega, shavu.

"Umekonda," akasema.

"Huoni, umejuaje?"

"Ndiyo maana nimejua."

Wakaanza papohapo. Mara tumechelewa, mara nani aliahidi siku ipi, mara nani aliacha kupiga simu mwezi wa Ramadhani. Wote wawili walikuwa wanalia na hakuna aliyepunguza sauti. Jirani mmoja aliniuliza kama tuwaamue. Nikamwambia wamesafiri mbali kuupata ugomvi huu, tuwaache waufaidi.

Mjomba ndiye aliyeshindwa kusubiri. Alizunguka gari, akachungulia, akagonga ubao kwa ufundi wa uongo, akatangaza kwamba asali imefika, mizigo imefika, anashukuru. Ila ahadi ni ahadi. Ilisemwa kichanja kifike kimesimama. Hiki hakina hata mguu mmoja. Kinaning'inia. Alikuwa anasikitika, lakini Mama atataka kujua ukweli.

Niliwatazama wote. Sikuwa na utani uliobaki, jicho limevimba, sweta hakuna, kucha nyeusi. Nilitaka kusema kuhusu nyuki, nikaona nitalia.

Bibi alimwacha dada yake katikati ya neno, akageuka.

"Shabani. Mimi nimefikaje hapa?"

"Kwa gari, Mama."

"Nimefika nimesimama?"

Mjomba akatazama chini. "Umefika umelala, Mama."

"Basi mwambie huyu mwenzako wa ahadi kwamba mimi sijafika."

Jirani walicheka, Bibi Mkubwa akacheka bila kujua kisa, na akataka kukijua palepale. Mdogo wake akamweleza kwa maneno machache kwamba juu ya vichwa vyao kuna kichanja kilichojengwa na yule mtoto. Bibi Mkubwa akajikunyata kidogo.

"Kiko juu kiasi gani? Kisije kuniangukia nikapoteza na sikio."

"Mikono miwili."

"Ya nani?"

Bibi aliweka kiwiko chake godoroni, akausimamisha mkono. Akachukua kiwiko cha dada yake, akakipandisha, akakiweka juu ya ncha za vidole vyake mwenyewe. Bibi Mkubwa akanyoosha vidole polepole kuelekea juu, anatafuta, anatafuta, mpaka ncha ya kidole cha kati ikagusa mninga. Mikono ile miwili ikabaki imesimama hivyo, mmoja juu ya mwingine.

"Imetosha," akasema Bibi Mkubwa. "Ingawa wako ulikuwa mfupi tangu zamani."

"Wako ndio mfupi. Wangu nimeuzia vitambaa."

Wakarudi kwenye ugomvi, na mikono hawakuishusha. Mjomba alivua kofia, akajikuna, akanipita akielekea kulibeba gunia lake la chumvi. Alipofika usawa wangu akasema neno moja tu, bila kunitazama: "Karakana."

Tulirudi Tabora, na siku ya kwanza karakana nilifika mapema, nimechana nywele, nimevaa koti la kazi la marehemu Babu lililonifika magotini. Mzee Ramadhani hakunisalimia sana baada ya kuitikia shikamoo yangu. Alinipa msumeno na ubao, akaniambia nikate mkono mmoja na nusu.

Nikaweka ubao mezani, nikachukua penseli, nikasimama.

"Wa nani, Mzee?"

Aliacha randa, akanitazama paji la uso, ile alama. Habari za Ujiji zilikuwa zimeshafika Ng'ambo kabla yangu. Akakunja shati, akaulaza mkono wake wote juu ya ubao, kiwiko ukingoni.

"Huu," akasema. "Weka alama, na huo msumeno ujue mkono wangu unaishia wapi."